Daftari la Jamaa Wasiobadilika

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Jicho. Kwa miaka sita aliyokaa kwenye meza ya ukaguzi, ile meza ndefu iliyo chini ya dirisha, hakuna kosa la Kiswahili lililofika kwenye mashine likiwa hai. Herufi iliyodondoka, nukta iliyozidi, sentensi iliyoanza vizuri ikaishia kusikojulikana, vyote alivikamata kwa kalamu nyekundu kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kabla ya meza hiyo alikaa miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha gundi, nyuma ya ghala, ambako vitabu hugandishwa migongo, na alitoka humo na kikohozi kilichomchukua mwaka mzima kukimaliza. Kwa hiyo dirisha lile kwake halikuwa dirisha tu. Lilikuwa mapafu.

Ndipo likatokea balaa la menyu. Hoteli moja kubwa iliagiza menyu elfu tatu, Kiingereza kitupu, na palipotakiwa "dessert" pakachapwa "desert". S moja tu. Wageni wakaarifiwa kwamba wakimaliza samaki wataletewa jangwa, wakipenda na aiskrimu juu yake. Meneja wa hoteli hakucheka. Msimamizi mpya wa kiwanda naye hakucheka, kwa sababu hakuwa na mazoea hayo.

Tuseme ukweli. Lugha iliyoshindwa kulipatia jangwa jina lake na keki jina lake, ikavivika sare moja na kuvitofautisha kwa kifungo, haina uso wa kumlaumu aliyechanganya. Kiswahili kina jangwa na kina kitindamlo, na hata mlevi hawezi kuvichanganya. Isitoshe, jangwa lile lilitoka kwa mteja mwenyewe, kwa mwandiko wake. Jicho alikagua Kiingereza kwa kulinganisha tu: karatasi ya mteja huku, iliyochapwa kule, zikifanana, zinapita. Mteja akija na kosa lake, kosa linapita na tiketi halali.

Lakini msimamizi hakutaka kusikia habari za tiketi. Jumatatu akabandika tangazo: kila mkaguzi atafanya mtihani wa maneno ya Kiingereza yanayofanana, jozi arobaini, Ijumaa ya wiki inayofuata. Makosa mawili yatasamehewa. Atakayefikisha la tatu atahamishiwa chumba cha gundi. Tangazo liliandikwa kwa Kiswahili na lilikuwa na makosa manne. Jicho aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu, mkono ukienda wenyewe, kisha akarudi nyuma hatua moja akalisoma kama msomaji wa kawaida. Hapo ndipo alipoliona neno gundi.

Akaenda nyumbani na orodha. Siku ya kwanza aliisoma kwa sauti. Siku ya pili aliinakili mara tatu. Maneno yaliingia kichwani mawili mawili na kutoka mawili mawili, yameshikana mikono, na hakuna lililosema lenyewe ni nani.

Wokovu ulikuja kwa njia ya shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wa mumewe, alikuja kukaa wiki mbili. Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Aliingia na begi dogo, akauliza rimoti iko wapi, na tangu siku hiyo kochi la sebuleni likawa na mwenyewe. Jioni ya siku ya tatu Jicho alikuwa anafagia, ufagio mkono mmoja, orodha mkono wa pili, akisubiri miguu ya shemeji iinuke apitishe ufagio chini yake. Haikuinuka. Ili asipoteze muda akatupia macho orodha. "Stationary": kisichohama, kilichotulia mahali pamoja. Akaitazama orodha. Akalitazama kochi. Neno likaingia kichwani likafunga mlango kwa ndani.

Pacha wake, "stationery", ni vifaa vya kuandikia. Huyo akampa mwenye duka la karatasi mkabala na kiwanda, bwana mmoja mwembamba ambaye kutwa anakimbia kati ya madaftari na kalamu na hajawahi kuonekana ameketi. Basi. Jozi moja ikawa imelala, haitaamka tena.

Usiku ule ule akachukua daftari na kuanza kugawa maneno kwa jamaa. "Advise", kushauri, alipewa mama mkwe akiwa kazini. "Advice", ushauri, ukawa kile kinachobaki ndani ya nyumba mama mkwe akishamaliza. "Loose", kilicholegea, ni kitasa cha mlango wa jikoni, ambacho mumewe aliahidi kukikaza mwaka juzi. Na mume mwenyewe ni fundi saa, mtu anayekamata kutwa skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga. "Lose", kupoteza, akapewa mume huyo huyo kwa ajili ya miwani yake. "Compliment", sifa anayopewa mtu, Jicho aliandika hivi: "Mume. Mara moja. Gauni la kijani." Pacha wake ni "complement", kinachojaza pengo mpaka kitu kikamilike, na huyo akawa mfuniko wa sufuria kubwa. "Moral", tabia njema, alipewa mwalimu wake wa darasa la kwanza. "Morale", moyo wa kazi, aliandika: "Kile kinachotoka mlangoni msimamizi akiingia."

Jumatatu iliyofuata alikuwa na jozi thelathini na nane kichwani na alitembea kama mtu mwenye nyumba ya kupangisha. Kamusi yake ilikuwa na kasoro moja tu, na hakuiona: ilitaka watu wabaki kama walivyo.

Jumanne simu ya shemeji ililia. Aliipokea amelala, akaendelea nayo ameketi, akaimaliza amesimama. Kampuni ya kuchimba visima ilikuwa imempa kazi ya udereva, kuhama na mitambo kutoka mji hadi mji, na lori lingepita kumchukua Alhamisi alfajiri. Mama mkwe akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Mume akasema "vizuri," ambalo kwa kipimo chake lilikuwa hotuba. Jicho akashika ukingo wa meza.

Alisubiri wengine watawanyike, akamfuata shemeji kwenye kochi na kumuuliza kwa upole kama kazi hiyo haiwezi kusubiri kidogo.

"Isubiri mpaka lini?"

"Ijumaa. Saa sita mchana. Baada ya hapo, shemeji, ukitaka kimbia."

Shemeji akamtazama. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akimkatia matangazo ya kazi kwenye karatasi zilizoharibika kiwandani na kumwekea chini ya sahani, ili akimaliza kula ayakute.

"Umesikia kitu kuhusu hiyo kampuni?"

"Hapana."

"Lori bovu?"

"Silijui hilo lori."

"Basi umeanza kunipenda."

"Usijidanganye," alisema Jicho, akarudi jikoni, na kitasa kikabaki mkononi mwake kama kawaida.

Jumatano jioni, wakati chakula kinapakuliwa, shemeji alikuwa anatafuta leseni yake ya udereva kwenye droo ya kabati. Leseni hakuipata upesi. Alipata daftari. Akalifungua, akasoma ukurasa wa kwanza kimya, kisha akaja nalo mezani na kuusoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari.

Alianza na lake. Kochi, rimoti, miguu isiyoinuka, yote yalikuwamo. Alisoma bila kuruka neno, na alipofika mwisho akasema hana pingamizi, mwandishi amefanya utafiti. Kisha akafungua ukurasa wa pili.

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Na mimi nimeandikwa?"

"Umeandikwa, mama. Wewe una mistari mitatu."

Alipoisikia yote mitatu, mama mkwe alitangaza kwamba ikiwa ushauri wake umekuwa takataka za kufagiwa, basi kuanzia dakika hiyo hatafungua mdomo katika nyumba hiyo. Akaongeza kwamba chumvi imezidi, na kwamba hilo ndilo la mwisho.

Mume alikuwa bado anatafuna. Alitafuna mpaka mwisho, akameza, akanywa maji.

"Mara moja?" aliuliza.

"Gauni la kijani," Jicho alisema, macho kwenye sahani.

"Mimi nakumbuka mara mbili."

"Ya pili ulikuwa unamsifu fundi cherehani."

Mume akatikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza saa iliyoletwa na kuambiwa haina tatizo.

Ilibidi Jicho awaeleze. Aliwaambia habari za mtihani, za makosa mawili na la tatu, za chumba cha gundi. Kikohozi hakukitaja, lakini mume na mama mkwe walikuwa wamekisikia mwaka mzima, na shemeji alikuwa amesimuliwa, na utani ukaisha wenyewe. Shemeji akalifunga daftari na kulisukuma kwake taratibu.

"Kwa hiyo mimi nikiinuka pale, wewe neno linakutoka."

"Ndiyo."

"Basi nitakaa. Nitawapigia alfajiri niwaambie wachukue mtu mwingine." Akanyoosha mgongo. "Shemeji, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunihitaji nikiwa nimelala. Acha nifanye hii kazi."

Hakuwa anatania. Jicho alimshukuru, na ukweli ni kwamba alilala akiwa na furaha.

Alhamisi aliamka kabla hakujapambazuka kuweka maji jikoni, akapita sebuleni. Shemeji alikuwa amelala kwenye kochi, chali, mikono kifuani, mahali pake pa siku zote. Lakini alikuwa amevaa viatu. Viatu vya kazi, vimepigwa rangi, kamba zimefungwa mara mbili. Leseni ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati.

Jicho alisimama pale na birika tupu mkononi. Aliliona dirisha la kiwandani na mwanga unaoangukia karatasi saa nne asubuhi. Akavitazama tena vile viatu. Kisha akalipiga teke kochi.

"Inuka. Lori litakuacha."

"Na neno lako?"

"Neno ni langu, wewe si wangu. Inuka, shemeji."

Akamfungia begi yeye mwenyewe, akamtia mkate mfukoni, akamsukuma mpaka barabarani. Lori lilipokata kona alirudi ndani na kulikuta kochi limekaa peke yake, linatisha, kama mdomo uliong'olewa jino la mbele.

Angekuwa amepoteza neno moja tu, angelala. Lakini jioni alipotoka kazini alikuta nyumba nyingine. Alishika kitasa cha mlango wa jikoni kwa ule ujanja wake wa miaka miwili, kuvuta huku ukiinua, na karibu ateguke bega. Kilikuwa kimekazwa. Mume alikuwa amekirekebisha mchana kwa bisibisi yake ndogo kabisa, na sasa alisimama pembeni akisubiri. Mkewe akiwa bado anasugua bega, akamsifu. Alisifu viatu vyake. Alisifu jinsi alivyoweka mkoba. Kwenye chakula akasifu wali, maji, na namna alivyosogeza kiti, kila sifa akiitoa kwa jasho, kama mtu anayeshusha magunia. Mama mkwe kwa upande wake alikula kimya. Aliona mkwewe anakata kitunguu vibaya, akafumba macho. Aliona sufuria inachemka bila mfuniko, akatoka nje.

Jicho alilifungua daftari, akalisoma, akalifunga. Hakuna aliyekuwa amebaki mahali pake. Kwa miaka kumi na minane ya ndoa alikuwa akiomba nyumba hii ibadilike, na ilichagua Alhamisi.

Ijumaa asubuhi alikaa kwenye kochi kufunga viatu. Hakuwa amelikalia kwa miezi kumi na minne, nafasi haikuwapo. Aliposhusha uzito wake, kochi likammeza. Katikati palikuwa na shimo refu lenye umbo la mtu, bega hapa, nyonga pale, na alipotaka kuinuka halikumwachia. Ilibidi mume aje kumvuta kwa mikono miwili, akimsifu kwa wepesi wake.

Mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama, midomo imebanwa mpaka imekuwa mstari. Jicho akamuaga. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Jicho akashuka ngazi moja, mbili.

"Ukiulizwa usijibu haraka," sauti ikapasuka nyuma yake. "Una tabia ya kujibu haraka. Na funga hicho kifungo cha juu, na usikae karibu na feni, na kabla ya kuingia kunywa maji, yasiwe baridi."

Jicho aligeuka. Kama si kuchelewa angerudi kumkumbatia.

Mtihani ulifanyika ofisini kwa msimamizi, mmoja mmoja. Alikuwa na bahasha ya kadi, kadi moja kutoka kila jozi. Anainua, mkaguzi anatoa maana na mfano, yeye anaweka alama. Kadi kumi za mwanzo zilipita bila shida. "Advise" ilipokuja, Jicho aliisikia sauti ya mlangoni ikiwa bado ya moto, akajibu kwa mifano minne ilhali aliombwa mmoja.

Kisha ikainuliwa "loose". Akili ikanyoosha mkono kushika kitasa, ikavuta huku ikiinua, na kitasa hakikutikisika. Akashikilia la pembeni yake na kusema ni kupoteza, kama miwani. Msimamizi akaweka alama ya kosa. "Compliment" ikaja ikamkuta bado anapapasa kitasa. Alitafuta kitu adimu, cha mara moja, cha kijani, na alichokipata ni jana: sifa kila kona, sifa zimejaa chumba mpaka pengo la mwisho. Akasema ni kitu kinachojaza. Alama ya pili.

Alifunga mdomo, akahesabu mpaka tano ili asijibu haraka, kama alivyoshauriwa. Kadi zilizofuata akazijibu polepole. Ilipofika "morale", aliikazia macho muda mrefu.

"Moyo wa kazi," alisema. "Ule uchangamfu wa watu wakiwa kazini."

"Mfano."

Msimamizi alikuwa akiingia kazini saa mbili kamili, kila siku ya Mungu.

"Hapa kwetu," Jicho alisema, "huwa juu sana asubuhi. Kabla ya saa mbili."

Msimamizi akakubali. Alisema naye ameliona hilo, asubuhi watu huwa na nguvu. Akaweka tiki.

Kadi ya arobaini ilikuwa "stationary".

Alijua ni jozi ipi. Alijua kwamba mmoja ni karatasi na kalamu na mwingine ni kutohama. Lakini yupi ni yupi? Alikwenda kwenye kochi, kwa mawazo, na kochi lilikuwa tupu. Shemeji wakati huo alikuwa kwenye mji ambao Jicho hajawahi kuukanyaga, anapiga honi. Herufi zilimtazama na yeye akazitazama. Kwenye kona ya ofisi hiyo palikuwa na boksi la gundi, na harufu yake ikaanza kumkuna koo.

Basi akafanya jambo pekee lililobaki. Akakaa kwenye kochi. Alijishusha mle ndani taratibu, bega likaingia penye bega, nyonga penye nyonga, na shimo likamshika kama lilivyomshika asubuhi. Mtu ameondoka na begi lake, amevuka miji, lakini lile shimo halijasogea hata unywele. Jicho akacheka, peke yake, mbele ya msimamizi asiye na mazoea hayo.

"Kisichohama," alisema.

"Mfano."

"Shimo la kochi. Aliyelichimba ameondoka, lenyewe lipo."

Msimamizi aliinua macho, akayashusha, akasoma karatasi yake ya majibu. Mfano huo haukuwamo, lakini maana ilikuwamo. Akaweka tiki, akamwambia arudi mezani kwake. Alipofika mlangoni akaitwa. Msimamizi alikuwa amesikia kwamba anatumia daftari fulani, akataka kujua kama linaweza kunakiliwa kwa ajili ya wakaguzi wengine. Jicho akajibu kwamba haliazimiki, limejaa watu, na wengine wameshahama.

"Na mimi nimo?"

Alihesabu mpaka tano.

"Umo mahali pazuri, bwana. Karibu na mwalimu wangu wa darasa la kwanza."

Msimamizi akafurahi, kwa kiasi alichojaliwa. Akamwarifu kwamba mtihani huo sasa utakuwa wa kila mwaka.

Jioni Jicho aliwapa habari nyumbani. Mama mkwe akapiga kigelegele cha pili wiki hiyo. Mume akafungua mdomo, akatafuta, akasema anapendeza akiwa ameshinda, na hiyo moja ilitoka bila jasho. Jicho akaihifadhi kando ya ile ya gauni la kijani. Mume alipotaka kugeuza mto wa kochi ukae vizuri, akamkataza kwa ukali.

Kisha, wenzake walipokwenda kunawa, akachukua bisibisi ndogo kabisa kwenye sanduku la fundi saa, akapiga goti mbele ya mlango wa jikoni na kuanza kulegeza kitasa, skrubu moja baada ya nyingine. Alisikia hatua nyuma yake zikisimama. Mama mkwe aliinama kuitazama kazi ile, mikono nyuma.

"Zungusha kushoto," akasema. "Na usizitoe kabisa, mwanangu. Acha zicheze tu."